Mfalme Aliyeguswa

"Shangazi, kwa nini hukunyamaza tu? Hakuna aliyeona."

Swali hilo liliulizwa Jumapili moja jioni, njiani wakirudi nyumbani, na binti wa kaka yake, mtoto wa miaka tisa ambaye ukoo mzima ulimwita Kwanini kwa sababu hakuna siku mdomo wake uliwahi kupumzika. Shangazi alikuwa anatembea taratibu, viatu mkononi, miguu imemvimba. Alimtazama mtoto, akatazama barabara, akasema, "Kesho nina zamu ya alfajiri." Basi. Hilo halikuwa jibu, na Kwanini alijua halikuwa jibu. Lakini hata mtoto wa miaka tisa anaweza kuona mtu mzima ameishiwa, hivyo akafunga mdomo mpaka nyumbani. Kwa Kwanini, hiyo ilikuwa kazi nzito.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi.

Shangazi alikuwa dobi wa hospitali. Hakuwa daktari wala muuguzi, wala hata mmoja wa wale wanaosukuma vitanda na kuitwa na wagonjwa kwa shukrani. Kazi yake ilikuwa chini kabisa, nyuma ya jengo, kwenye chumba chenye mabomba ya mvuke na sakafu isiyokauka. Mashuka ya wodi zote yalishuka kule yakiwa na kila uchafu wa binadamu unaoujua na usiotaka kuujua, yakafuliwa, yakakamuliwa, kisha yakaja kwake. Yeye na mwenzake, mama mmoja mwembamba aliyeitwa Chapchap, walisimama kwenye pasi kubwa, magogo mawili ya chuma yanayozunguka, moto kama tanuri. Walitia shuka upande huu, likatoka upande wa pili limenyooka. Kisha kila mmoja alishika kona mbili, wakanyoosha, wakasogeleana, kona kwa kona, wakakunja, wakarudi nyuma, wakakunja tena. Mashuka mia tatu kwa siku, na mia nne wodi zikijaa.

Kulikuwa na sheria moja ambayo msimamizi hakuisamehe: shuka likipinda hata kwa upana wa kidole, linarudi mwanzo. Miaka ishirini na sita ya sheria hiyo ilikuwa imemfanyia Shangazi jambo la ajabu. Mkono wake wa kulia ulinyoosha vitu bila kumuuliza. Kalenda iliyokaa upande ukutani, mkono ulikwenda. Kola ya mtoto, mkono ulikwenda. Mara moja kwenye foleni ya benki alimnyooshea kola mzee asiyemjua, na mzee akageuka akamuuliza kama wamewahi kuoana.

"Huo mkono wako utakuponza," Chapchap alimwambia.

"Umeshaniponza. Bila huo ningekuwa nimeshafukuzwa kazi nikapumzika."

Sasa, mtu wa namna hiyo, ambaye jioni anafika nyumbani hoi hata kuvua kitambaa cha kichwa anaona uvivu, alikuwa na starehe moja tu duniani: sataranji. Alifundishwa na kaka yake wakiwa wadogo, kwenye ubao waliouchora kwa mkaa. Kaka aliacha alipooa. Yeye hakuacha. Kila Jumamosi mchana alikwenda kwenye chama cha wachezaji, ukumbi mmoja mrefu juu ya duka la vifaa vya umeme, wenye meza kumi na mbili, feni mbili (moja ndiyo iliyofanya kazi) na ukuta wenye ubao wa mbao uliochongwa majina ya timu. Timu ya chama ilikuwa ya watu wanne. Ilisafiri, ikacheza na vyama vingine, na majina yao manne yalikaa kwenye ubao huo kwa rangi nyeupe, meza ya kwanza hadi meza ya nne.

Shangazi alikuwa wa tano. Alikuwa wa tano kwa miaka mitatu. Wa tano husafiri pia, kwa ajili ya dharura, lakini dharura haikutokea hata siku moja. Wale wanne walikuwa na afya ya punda. Kwa hiyo wa tano alibeba sanduku la kete na saa, akapanga mbao, akakaa kwenye kiti akitazama wenzake wakicheza, kisha akakusanya kete akarudi nazo.

"Nyumbani naosha, kazini naosha, na huku nabeba," alimwambia kaka yake siku moja. "Nataka niende mahali mara moja nikae mezani kama mtu."

Mwaka ule mchezaji wa meza ya nne alihamishwa kikazi. Nafasi ikawa wazi, na chama kikatangaza kwamba mashindano ya mwisho wa mwezi ndiyo yatakayoamua. Michezo mitano, siku mbili, na atakayepata alama nyingi anakaa meza ya nne kwa miaka miwili. Shangazi alikuwa na miaka hamsini na mbili. Alihesabu miaka miwili mbele, akayatazama magoti yake, akajua kwamba hiyo ni mara yake ya kwanza na ya mwisho.

Akajiandaa. Na hapo ndipo tatizo lilipokuwa, kwa sababu chama kizima kilimjua Shangazi kwa mwanzo mmoja tu. Maisha yake yote akiwa na kete nyeupe alianza kwa kusogeza askari wa mbele ya mfalme hatua mbili, akatoa farasi, akatoa askofu, vilevile kama alivyofundishwa na kaka yake. Walimwona kama wanavyoona mvua inakuja. Mtu aliyeelewa hilo kuliko wote alikuwa Mwalimu, mstaafu wa hesabu, mpole, mwenye miwani minene na kumbukumbu ya kutisha. Mwalimu alijua mianzo ya michezo kama watoto wanavyojua jedwali la kuzidisha. Hatua kumi za kwanza hakuwa anafikiri, alikuwa anasoma kutoka kichwani.

Kwa hiyo Shangazi aliamua kujifunza mwanzo mpya, ule wa kumsogeza askari wa mbele ya malkia, kisha kumtoa askari wa jirani yake ajitoe kuliwa, kama chambo. Aliazima kitabu chamani. Muda wa kukisoma hakuwa nao, basi akanakili hatua moja moja kwenye vikaratasi vile wanavyoandikia idadi ya mashuka, akavibandika ukutani juu ya pasi. Kwa miezi mitatu alikuwa anatia shuka, anainua macho, anasoma, anakunja. Mvuke ulivilainisha, vikadondoka, akavibandika tena.

"Leo umefika wapi?" Chapchap aliuliza.

"Hatua ya nne. Natoa askofu."

"Ukimtoa huyo askofu, umtume na kwa msimamizi akamwombee roho ya huruma."

Jumamosi ya mashindano alicheza michezo mitatu, akashinda miwili na kutoka sare mmoja. Wa Jumapili asubuhi mpinzani wake alijitoa tangu Jumamosi usiku, akapewa alama ya bure. Ilikuwa bahati iliyokuja na kisirani, kwa sababu saa kumi na moja alfajiri siku hiyohiyo simu ililia: dobi mmoja anaumwa, wodi ya watoto haina shuka hata moja, njoo. Alikwenda. Ungefanyaje? Alisimama kwenye pasi tangu alfajiri hadi saa sita mchana, na karibu na mwisho, akiwa anavuta shuka lililokwama, kiganja chake cha kushoto kikagusa chuma. Muuguzi alimfunga bendeji nene kama glovu.

Bendeji hiyo ndiyo iliyoharibu kila kitu, ingawa hakuna aliyejua wakati ule. Kwa maana sataranji ya mashindano ina sheria isiyo na mzaha: zamu ikiwa yako, kete yako ukiigusa, lazima uisogeze. Kama unataka kuinyoosha tu kwenye chumba chake, yaani mraba iliposimama, useme kwanza, kwa sauti, "Naweka sawa." Shangazi, kwa kuujua mkono wake wa kulia, alikuwa na dawa yake. Siku zote aliukalia. Kabisa, aliuweka chini ya paja kama mtu anayemfungia mbwa, na kucheza kwa mkono wa kushoto. Watu walicheka, wakazoea. Jumapili ile mkono wa kushoto ulikuwa kwenye bendeji. Ilibidi mbwa afunguliwe.

Alifika ukumbini saa nane kasoro dakika tatu, ananuka sabuni na mvuke, Kwanini akiwa nyuma yake kwa sababu wazazi wake walikuwa msibani na hakukuwa na wa kumwachia. Alimkalisha mtoto karibu na dirisha na daftari la kuchora. Kwenye karatasi ya matokeo Mwalimu alikuwa na alama nne, naye tatu na nusu. Mchezo wa mwisho walikutana wao wawili. Sare ilimtosha Mwalimu. Shangazi alihitaji kushinda.

"Habari za kazi, mama?" Mwalimu alisimama kumpokea.

"Ndiyo natoka huko."

"Jumapili? Aisee, pole sana. Na mkono?"

"Mkono umekula moto. Tucheze, Mwalimu, kabla sijalala hapa."

Kinyozi wa mtaa, ambaye siku za mashindano huwa ndiye mwamuzi, aliwasha saa. Kila mmoja alikuwa na saa moja na nusu.

Shangazi akasogeza askari wa mbele ya malkia. Mwalimu aliinua nyusi. Hakutegemea. Meza za jirani ziligeuka. Hatua ya pili, chambo. Mwalimu hakukila, akamwimarisha askari wake kwa mwenzake. Hatua ya tatu, Shangazi akatoa farasi, na Mwalimu naye akatoa farasi, akabonyeza saa, akainama kuandika hatua hiyo kwenye karatasi yake. Kila kitu kilikwenda kama vikaratasi vya ukutani vilivyosema. Hatua ya nne ilikuwa ya askofu. Alikuwa anaijua. Alikuwa ameiona mara elfu moja kupitia mvuke.

Ila mfalme wake alikuwa wa zamani, kitambaa cha chini kimebanduka nusu, akasimama ameinama upande kama mlevi anayesubiri lifti. Shangazi hakufikiri. Macho yalikuwa mazito, kichwa kilikuwa bado kinanguruma magogo ya pasi. Mkono ukaenda. Vidole viwili vikamshika mfalme kichwani, vikamweka wima, katikati kabisa ya chumba chake, vikaachia.

Pale dirishani Kwanini aliacha kuchora.

Ukumbi uliendelea vilevile. Feni ilizunguka, mtu alikohoa, Mwalimu ameinama na kalamu yake. Kwanini alikuwa ameshafundishwa sheria hiyo. Alimtazama Shangazi. Shangazi alitazama mkono wake wa kulia jinsi mtu anavyomtazama mtoto aliyemwaibisha mbele ya wageni.

Kisha akasema, "Nimegusa."

Mwalimu aliinua kichwa. "Nini, mama?"

"Nimegusa mfalme. Sikusema naweka sawa."

"Aa, mimi nilikuwa naandika. Sikuona chochote. Endelea tu."

"Nimegusa, Mwalimu."

Kinyozi alisikia, akaja akiburuta kandambili. "Kuna nini hapa? Mama Pasi, nani kalalamika?"

"Mimi."

"Unamlalamikia nani?"

"Mimi mwenyewe."

"Unajishtaki mwenyewe!" Kinyozi alishika kiuno. "Jamani, leo polisi wangebaki nyumbani." Watu wakacheka. Akamgeukia Mwalimu. "Umeona?"

"Nimeshasema sikuona."

"Basi mimi sina kesi. Mama, toa askofu wako, au chochote unachotoa, tusonge."

Shangazi alimtazama mfalme. Baada ya hatua tatu zile, mfalme huyo alikuwa na mlango mmoja tu wa kutokea: kile chumba mbele ya malkia, kilichoachwa wazi na askari aliyekwenda mbele. Ni mahali ambapo mfalme hana kazi kabisa. Mfalme kazi yake mwanzoni ni kukaa nyuma, kujificha pembeni na ngome. Akitoka tu, haki ya kujificha kwa hatua moja inapotea moja kwa moja. Miezi mitatu ya vikaratasi ilikuwa inaishia pale.

Akamshika, akamsogeza chumba kimoja mbele, akabonyeza saa.

"Mfalme katoka nje na nguo za kulalia!" mtu alisema meza ya pili, na ukumbi ukavunjika mbavu mpaka Kinyozi akapiga kofi mezani.

Mwalimu hakucheka. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akautazama ubao. Jambo la kuchekesha, kama kuna la kuchekesha, ni kwamba sasa na yeye alikuwa amepotea. Hatua hiyo haikuwa kwenye kitabu chochote alichowahi kusoma, kwa sababu hakuna mwenye akili timamu anayeicheza. Alijua lazima kuna adhabu yake. Mwanzo mbaya hivyo haukosi adhabu. Akaitafuta dakika kumi, ishirini, thelathini na tano. Saa yake ilikuwa inakula muda kama mchwa, na adhabu haikuonekana, au ilionekana nusu ikapotea tena.

Shangazi alivua viatu chini ya meza. Hatua kwa hatua, wakati Mwalimu akitafuta pigo kubwa, alimvusha mfalme pembeni kwa miguu, chumba hiki, kisha kile, hadi pale ambapo angefika kwa hatua moja tu kama mkono ungetulia. Alicheza kama anavyokunja mashuka, kona kwa kona, bila pupa na bila furaha. Mara mbili usingizi ulimpitia, akazinduka kidevu kikiwa kifuani, akajikaza. Mara moja alimwona farasi wa Mwalimu kwa wakati, akaruka mtego kwa unywele tu. Ilipofika saa kumi na nusu, kete nyingi zilikuwa zimeshatoka ubaoni, Mwalimu alikuwa na dakika tatu, na Shangazi alikuwa na askari mmoja zaidi.

Watu walisimama kuzunguka meza. Hakuna aliyecheka tena.

Walibadilishana ngome za mwisho. Ikabaki wafalme wawili na askari mmoja, wa Shangazi. Askari huyo akifika mstari wa mwisho anakuwa malkia, na mchezo umekwisha. Alikwenda chumba baada ya chumba, mfalme wake nyuma yake, na mfalme wa Mwalimu akarudi nyuma akimzibia njia, dakika mbili, dakika moja. Muda Mwalimu hakuwa nao, lakini hesabu alikuwa nazo. Askari alibakisha chumba kimoja tu kufika, na mfalme wa Mwalimu amesimama mbele yake kama mlango. Shangazi alikuwa na chaguo mbili: amwache askari aliwe, au amlinde na kumfungia mfalme mwenzake kabisa, asiwe na pa kwenda huku hakuna anayemshambulia. Kwa sheria ya mchezo, zote mbili ni sare.

Alitafuta ya tatu kwa dakika tano nzima. Haikuwepo.

"Sare," alisema, akanyoosha mkono wa kulia.

"Mama," Mwalimu aliushika kwa mikono yote miwili, "umenitoa jasho ambalo sijawahi kulitoa."

"Nyumba ya mvuke naijua, Mwalimu. Hilo jasho ni dogo."

Kinyozi akaandika matokeo, kisha akashindwa kujizuia. "Ungenyamaza tu, Mama Pasi. Askofu wako angetoka salama, leo ungekuwa meza ya nne."

Shangazi alikuwa ameshainama kutafuta viatu. Havikumwingia.

Wiki iliyofuata jina la Mwalimu lilipakwa rangi nyeupe ukutani. Shangazi aliendelea kubeba sanduku miaka hiyo miwili, dharura haikutokea, na ilipokwisha magoti yakakataa ngazi za ukumbi. Akaacha kwenda. Kazini watu walikuwa wameisikia habari, msimamizi akaisimulia kwenye mkutano wa wafanyakazi kama mfano wa uaminifu, na Shangazi alikaa nyuma akitazama sakafu, kwa sura ya mtu anayesifiwa kwa kitu asichokumbuka kukifanya. Vikaratasi ukutani vilibandukwa na mvuke kimoja kimoja, na hakuna aliyevirudisha.

Miaka saba ilipita. Kwanini alikuwa sasa kidato cha tatu, mrefu kumzidi Shangazi, na Shangazi alikuwa amestaafu na mafao yake madogo na miguu yake kwenye beseni la maji ya chumvi. Mwalimu alikuwa na mazoea ya kupita pale kila Ijumaa mchana kucheza naye mchezo mmoja au miwili. Macho yake yalikuwa yamepungua, ikabidi aziguse kete ndipo azitambue, na wawili hao walikuwa wamekubaliana kwamba kwenye meza ile kugusa si kitu. Ijumaa hiyo Mwalimu alishinda, akanywa chai, akaaga, akapapasa njia hadi barabarani.

Kwanini alikusanya vikombe. Hakuwa amepanga kuuliza. Lilitoka lenyewe.

"Shangazi, ile siku ya mfalme. Kwa nini hukunyamaza? Hakuna aliyeona."

Shangazi alisogeza mguu mmoja ndani ya maji, akafumba macho. Kwanini akadhani analala.

"Yeye aliona," Shangazi alisema. "Yule pale anayeondoka. Aliniona nikigusa, akainamisha kichwa upesi kwenye karatasi yake, kama mtu aliyeona nguo yako imechanika nyuma akajifanya hajaona. Kuandika alikuwa ameshamaliza. Alinihurumia. Bendeji, zamu ya Jumapili, miguu, vyote hivyo. Wewe ulitaka nikae pale saa tatu nzima nacheza na mtu anayenihurumia? Nikishinda, nikae meza ya nne miaka miwili nikijua nimekalishwa? Wanaonihurumia niliwaacha kazini, mwanangu. Pale nilikwenda kucheza. Nilikuwa nimechoka, ndiyo, nimechoka mpaka kwenye kucha. Lakini sikuwa nimechoka kiasi hicho."